Silikoni Isiyodumu

Mwaka 1956, katika maabara za Bell nchini Marekani, Arthur Uhlir na Ingeborg Uhlir walikuwa wakitafuta njia ya kuchonga na kung'arisha vipande vidogo vya germaniamu na silikoni. Transista ilikuwa imezaliwa katika maabara hizohizo miaka tisa kabla, na kila aliyehusika nayo alihitaji uso laini usio na mkwaruzo. Msasa ulikuwa mkali mno. Wakajaribu asidi na umeme: asidi iyeyushe, umeme uamue kasi. Mkondo ulipokuwa mkubwa mambo yalikwenda vizuri, silikoni ikatoka inang'aa. Mkondo ulipopunguzwa, kipande kilitoka kimevikwa utando mweusi, wa kahawia au mwekundu ambao hakuna aliyeutaka.

Arthur Uhlir aliutaja utando huo katika makala aliyoichapisha mwaka uleule, kisha akaendelea na kazi iliyomleta. Hakuufukia. Kwa mtafiti anayesaka uso safi, doa ni kitu cha kufuta, na ingekuwa rahisi kueleza jinsi ya kuliepuka tu. Yeye aliandika rangi zake na masharti yanayolizaa, na kwa hatua hiyo ndogo ya uaminifu wengine wakapata pa kuanzia.

Historia ya doa hilo inastahili kutafakariwa kwa utulivu, kwa sababu inakwenda kinyume na tunavyozoea kuvipima vitu. Wengi waliotaka lidumu waliambulia kidogo. Waliokubali liondoke ndio waliopata kazi ya kulipa.

Vifaa vya kulitengeneza havina makuu. Kisahani cha silikoni, kilichokatwa kutoka kwenye fuwele moja kubwa na kutiwa boroni kidogo ili kipitishe umeme, hulazwa juu ya karatasi ya alumini. Juu yake hubanwa kikombe cha tefloni kilichotobolewa chini, na pete ya mpira hukaa katikati kuzuia kuvuja. Humiminwa asidi ya haidrofloriki iliyochanganywa na ethanoli. Waya wa platini uliosokotwa huzamishwa bila kugusa chini. Kisha umeme huwashwa, chanya kwenye silikoni na hasi kwenye platini, kwa kiasi cha miliampia makumi kadhaa kwa kila sentimita ya mraba.

Viputo vya haidrojeni huanza kupanda papo hapo. Ethanoli imewekwa kwa ajili yao: bila hiyo vingeng'ang'ania kwenye silikoni na kuacha alama, na asidi ingeshindwa kupenya kwenye vitundu vinavyofunguka. Baada ya sekunde chache uso wa kijivu hugeuka rangi, dhahabu, waridi, kijani, kisha dhahabu tena, kadiri tabaka linavyozidi kwenda chini. Dakika chache zinatosha kuchimba mikroni kadhaa. Kisahani kikitolewa, kikasuuzwa kwa ethanoli na kukaushwa, kwa macho kimebadilika rangi tu. Kwa hadubini ya elektroni, uso wake umejaa vitundu visivyohesabika.

Asidi yenyewe haichezewi. Inakula kioo, ndiyo maana kikombe ni cha tefloni. Ikiwa hafifu na ikamdondokea mtu, huenda asisikie chochote kwa saa kadhaa, huku inapenya ngozi na kuiteka kalsiamu ya mwili. Kalsiamu ya damu ikishuka sana, moyo unaweza kusimama. Maabara makini huweka jeli ya kalsiamu glukoneti pale pale mezani na haimruhusu mtu kufanya kazi hii akiwa peke yake. Anayesoma kuhusu uzuri wa silikoni yenye vitundu anapaswa kujua pia kwamba kila sampuli yake imepita mikononi mwa mtu aliyevaa glavu nene na kofia ya uso.

Lakini kwa nini vitundu? Kwa nini asidi isile uso wote sawasawa? Silikoni iliyotulia ndani ya asidi ya haidrofloriki karibu haiyeyuki. Uso wake hufunikwa na atomu za haidrojeni na kubaki salama. Ili atomu ya silikoni ing'oke, lazima lifike usoni pengo, yaani mahali palipokosa elektroni, ambapo husafiri ndani ya fuwele kama chaji chanya. Umeme ndio unaoyasukuma mapengo hayo. Likifika moja, florini hupata upenyo, vifungo hulegea, na atomu huishia kwenye asidi ikiwa imeshikana na florini sita. Kila atomu ya silikoni ina elektroni nne za nje, na umeme huchukua mbili tu. Zilizobaki huishia kwenye haidrojeni, na ndiyo asili ya vile viputo.

Kishimo kidogo kikishaanza, mapengo huvutwa kwenye ncha yake, na ncha huzidi kuchimbika. Pembeni hubaki kuta. Mwaka 1991 Volker Lehmann na Ulrich Gösele walieleza kwa nini kuta hizo hunusurika: ukuta ukipungua hadi unene wa nanomita chache, sheria za kwantamu hupandisha nishati ambayo pengo linahitaji ili liingie humo. Mapengo huukwepa, na asidi bila pengo haina nguvu. Ni kazi ya mchwa kwenye nguzo ya nyumba, wanaochimba mbele daima na kuziacha kuta kati ya njia na njia. Nguzo inasimama, na ndani haina kitu. Gramu moja tu ya silikoni iliyochimbwa hivyo inaweza kuwa na uso wa ndani wa mita za mraba mia kadhaa.

Mtu anayeshika kirekebisha umeme ana mamlaka ya ajabu juu ya umbo hili. Akipandisha mkondo, vitundu hupanuka. Akiushusha, hubana. Silikoni yenye boroni nyingi hutoa vitundu vya nanomita 2 hadi 50. Aina iliyotiwa fosforasi, ikimulikwa kwa taa upande wa nyuma ili mapengo yazaliwe kwa mwanga, hutoa mashimo marefu yaliyonyooka yenye upana wa mikroni. Mkondo ukipandishwa ghafla mwishoni, tabaka zima hung'oka na kuelea. Yote hayo hufanyika bila kisu, bila mkono kugusa kitu.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ule utando ni nini. Wengi walidhani ni mchanganyiko fulani wa silikoni na florini au oksijeni uliogandia usoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo watafiti wa Japani na wa kampuni ya Philips huko Uholanzi walipoonyesha kwamba utando ni silikoni yenyewe, fuwele ileile, iliyotobolewa. Hata hapo waliojali walikuwa wachache. Mwaka 1984 kikundi kimoja cha Malvern, Uingereza, kiliona utando huo ukitoa mwanga ulipopozwa kwa baridi kali na kumulikwa kwa leza, kikachapisha, na dunia ikapita.

Kisha akaja Leigh Canham, katika taasisi ileile ya Malvern, ya serikali, iliyoshughulika na rada na mawasiliano ya kijeshi. Alijua kwamba silikoni, malkia wa chipu za kompyuta, ni bubu upande wa mwanga. Elektroni inaposhuka nishati ndani yake, mwendo wake haulingani na wa fotoni. Inahitaji mtikisiko wa fuwele uisaidie, na kabla msaada haujafika nishati mara nyingi imekwisha kuwa joto. Kidogo kinachotoka ni infraredi, isiyoonekana kwa macho. Canham alifikiri kwamba silikoni ikipunguzwa hadi kuwa nyuzi za nanomita chache, elektroni itabanwa, nishati itapanda, na mwanga utaingia kwenye rangi zinazoonekana. Lakini nani angeweza kuchonga nyuzi za namna hiyo? Mashine za wakati ule hazikufika huko. Akakumbuka asidi. Alitoboa silikoni kwa umeme, kisha akauzima umeme na kuiacha ndani ya asidi kwa saa nyingi, vitundu vikazidi kupanuka polepole mpaka vilipokaribia kuungana na kilichosalia kati yake kikawa nyuzi tu. Akaimulika kwa leza ya kijani au ya buluu. Ikawaka nyekundu, kwenye joto la kawaida la chumba, kwa macho matupu.

Makala yake ilitoka Septemba 1990. Mwaka uliofuata, picha za hadubini ya elektroni alizochapisha pamoja na Tony Cullis zilionyesha nyuzi zenye upana usiofika nanomita 3, zingali fuwele. Maabara za dunia nzima zikakimbilia asidi. Maelfu ya makala yakaandikwa, na mabishano hayakukosekana: wapo waliosema mwanga unatoka kwenye kemikali zilizobaki usoni, wapo walioshikilia kwantamu, na baadaye ikadhihirika kwamba oksijeni iliyojipenyeza usoni nayo ina sehemu yake. Matumaini yalikuwa makubwa na ya haki. Kama silikoni ingeweza kuwaka, chipu zingezungumza kwa mwanga badala ya waya wa shaba, na kiwanda kilekile kilichotengeneza akili ya kompyuta kingetengeneza na taa zake.

Hapo ndipo tabia halisi ya kitu hiki ilipojitokeza. Hakidumu.

Kwanza kwenye kukauka. Tabaka ambalo zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake imekuwa wazi linaweza kutoka kwenye asidi likiwa zima, kisha likapasuka vipandevipande mezani kwa sababu ya maji tu: tone linalokauka ndani ya kitundu cha nanomita chache huvuta kuta kwa nguvu kuliko zinavyoweza kustahimili. Watafiti walilazimika kubadilisha maji kwa pentani, ambayo mvuto wake ni mdogo, au kukausha kwa kaboni dayoksaidi iliyotiwa mgandamizo mkubwa hadi mpaka kati ya kimiminika na gesi utoweke. Pili kwenye hewa. Haidrojeni inayolinda uso hubanduka kidogo kidogo, oksijeni huchukua nafasi, na baada ya wiki au miezi rangi na nguvu ya mwanga si zile zilizopimwa mwanzoni.

Hata kupima tu ni kuharibu. Ili kujua sampuli ina uwazi kiasi gani, mtafiti hupima uzito mara tatu: kabla ya kutoboa, baada ya kutoboa, na baada ya kuliyeyusha tabaka lote kwa magadi makali yaliyozimuliwa. Tofauti ya kwanza na ya pili, ikigawanywa kwa tofauti ya kwanza na ya tatu, hutoa jibu. Jibu likipatikana, sampuli haipo tena.

Taa zilijaribiwa kwa bidii. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilionyesha taa ndogo za silikoni zilizounganishwa na transista kwenye kipande kimoja. Kufikia 2000, kikundi cha Nobuyoshi Koshida huko Tokyo kilikuwa kimevuka ufanisi wa asilimia 1. Ni mafanikio ya kweli, ila soko halikungoja. Shuji Nakamura alikuwa amekwisha kutoa taa ya buluu yenye nguvu ya galiamu naitraidi mwaka 1993, iliyomletea yeye na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Fedha na vijana wenye vipaji vikahamia huko.

Kusema kwamba silikoni yenye vitundu ilishindwa ni kuihukumu kwa kipimo cha taa. Taa lazima ikae. Kazi ambazo kitu hiki kimezifanya vizuri ni zile zinazokitaka kifanye jambo lake kisha kiondoke.

Mfano wa Canon, kampuni ya Japani, unaonyesha hivyo wazi. Katika miaka ya 1990 wahandisi wake walitafuta namna ya kupata tabaka jembamba mno la silikoni safi juu ya kihami umeme, kwa ajili ya chipu za kasi. Walitoboa uso wa kisahani kwa umeme, wakakuza juu yake tabaka jipya la fuwele kamili, kwa kuwa fuwele iliyotobolewa bado inashika mpangilio wa atomu na kuurithisha. Kisha waligandisha tabaka hilo kwenye kisahani cha pili. Baadaye mchirizi mwembamba wa maji wenye nguvu ulielekezwa ubavuni, na visahani viwili vikaachana palepale kwenye vitundu. Mabaki yaliondolewa kwa mchanganyiko wa asidi unaokula silikoni yenye vitundu kwa kasi kubwa mno kuliko ile iliyo nzima, na kisahani cha kwanza kikarudi kazini. Udhaifu ulioipasua sampuli ya taa mezani ndio uliofanya mshono uachie pale ulipotakiwa. Biashara yenyewe ilikuja kutawaliwa na njia nyingine, ya Soitec ya Ufaransa, lakini fikra ya kukuza fuwele juu ya tabaka la kung'oka bado inatumika na wanaotafuta paneli za jua zinazotumia silikoni kidogo.

Bosch ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi, hadi kwenye vitu ambavyo watu hubeba mfukoni. Kihisio cha mgandamizo wa hewa kinahitaji kiwambo chembamba cha silikoni kilichotandwa juu ya uwazi uliozibwa, ili hewa ikikibonyeza, umeme uhisi. Kuuchimba uwazi chini ya kiwambo bila kukitoboa ni kazi ya tabu. Wahandisi wa Bosch walitoboa eneo dogo kwa umeme katika hatua mbili: juu vitundu vichache, chini vingi sana. Kisha kisahani kiliingizwa kwenye tanuru lenye haidrojeni, kwa joto kubwa ingawa liko mbali na nyuzi 1,414 zinazoyeyusha silikoni. Kwenye joto hilo atomu hutembea. Tabaka la juu hujiziba na kuwa fuwele, la chini hujikunja, vitundu vyake huungana, na panabaki chumba kitupu. Fuwele mpya hukuzwa juu na kuwa kiwambo. Ukikipasua kihisio kilichokamilika kutafuta silikoni yenye vitundu, huioni. Ilikuwepo kwa muda wa kutengeneza nafasi tu. Vihisio vya aina hiyo vina wepesi wa kutambua kwamba mtu amepanda ngazi: karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 hivi za kupanda hupunguza mgandamizo kwa hektopaskali 1.

Na kisha mwili. Canham mwenyewe, aliyeiona ikiwaka, ndiye aliyegeuka kuitazama ikiyeyuka. Mwaka 1995 alichapisha kwamba silikoni yenye vitundu ikizamishwa kwenye kimiminika kinachofanana na maji ya mwili hufanya mambo mawili, kwa kutegemea uwazi wake: ile yenye uwazi wa kiasi huota madini ya jamii ya mfupa juu yake, na ile iliyotobolewa mno huyeyuka yote. Inachogeuka kuwa ni asidi ya silisiki, ambayo mtu huipata kila siku kwenye nafaka na maji ya kunywa, na figo huitoa kwenye mkojo. Chipu ya kompyuta haiwezi kusema hivyo. Silikoni ya kawaida ikiwekwa mwilini hukaa tu.

Ni hatua ya kuheshimiwa. Mtu ambaye jina lake limefungamana na mwanga alichukua kasoro iliyokuwa inaudhoofisha mwanga huo na kuiuliza ina faida gani.

Michael Sailor na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliziunganisha sifa zote mbili. Mwaka 2009 walieleza chembe za silikoni yenye vitundu zilizobeba dawa ya saratani ndani ya panya. Chembe zilitoa mwanga wa karibu na infraredi uliopita kwenye ngozi na kuonekana kwa kamera, zikamwaga dawa, kisha zikayeyuka na kutoka mwilini katika muda wa wiki chache. Mwanga ule uliosumbua watengeneza taa kwa kufifia haukuhitajika kudumu kuliko matibabu.

Kazi yao ya jichoni ina mantiki nzuri zaidi. Maradhi ya retina yanayowapata wazee huhitaji sindano ndani ya jicho mara kwa mara, wakati mwingine kila mwezi. Katika majaribio kwa sungura, chembe ziliingizwa kwenye ute wa jicho zikiwa zimetengenezwa kwa mkondo uliopandishwa na kushushwa kwa mpangilio, hivyo kila chembe ilikuwa na matabaka yanayorudisha rangi moja mahususi ya mwanga. Kadiri inavyoyeyuka, matabaka hubadilika, na rangi huhama. Daktari anayechungulia kwa chombo cha kawaida cha kupimia macho anaweza kufuatilia kinachoendelea bila kumchoma mgonjwa. Chembe zilizotoka moja kwa moja kwenye asidi ziliisha ndani ya wiki chache. Zilizokingwa kikemia zilikaa kwa miezi, bila dalili za sumu.

Kikwazo kimoja kinawashughulisha bado wanakemia wa fani hii. Silikoni ambayo haijaoksidishwa, inapoyeyuka, hutoa elektroni, na elektroni hizo zinaweza kuiharibu dawa iliyopakiwa humo kabla haijafika inakokwenda. Kwa dawa za namna hiyo chembe huoksidishwa kwanza ndani ya tanuru, na kiwango cha kuoksidishwa hubadilisha rangi zake, ukubwa wa vitundu na siku zitakazokaa jichoni, kwa hiyo kila dawa inahitaji mapishi yake ya asidi, mkondo na joto.